Nasoma Usiku Kucha, Asubuhi Sikumbuki

*Mwalimu,*

*Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 41. Nilizaliwa Karachuonyo, upande wa Kendu Bay, nikaolewa huku Kadem, si mbali na Macalder. Kifungua mimba wetu alipomaliza kidato cha nne, mume wangu alikubali nami nirudi darasani. Sasa nasomea uuguzi katika chuo kimoja mjini Homa Bay. Siku za masomo nakaa chumba cha kupanga na wenzangu wawili, na wikendi narudi nyumbani kwa kitinda mimba wangu wa miaka mitatu.*

*Shida yangu ni kichwa. Anatomia imenishinda. Kuna zile neva 12 za kichwa. Nimezisoma mpaka daftari limechanika. Usiku wa kuamkia mtihani wa majaribio nilikesha nazo, miguu ndani ya karai la maji baridi ili usingizi usinichukue, chai ya rangi pembeni. Saa nane usiku nilizitaja zote bila kukosea. Saa nne asubuhi, karatasi mbele yangu, nikakumbuka tano tu. Msichana wa miaka 20 ninayekaa naye aliandika zote, na yeye alikuwa amelala tangu saa nne usiku!*

*Mama mkwe anasema kichwa cha mtu mzima kikishafunga hakifunguki. Mimi nina hofu nyingine. Nikiwa na miaka saba nilipata malaria kali, nikashikwa na degedege, nikalala siku mbili bila fahamu. Mama yangu husema homa ilipanda kichwani. Je, ubongo wangu uliharibika tangu hapo? Siku hizi hata nyumbani nasahau: naweka funguo, muda si muda sijui ziko wapi. Mikono nayo imeanza kutetemeka kidogo, nadhani ni chai. Na wikendi usingizi haunijii hata nikiutafuta.*

*Kuna kijana pale stendi ya Migori anauza vidonge vya kuongeza kumbukumbu, chupa shilingi 1,500. Nilinunua moja, imeisha, sijaona tofauti. Mume wangu yuko tayari kuninunulia nyingine. Anachimba Osiri, na msimu huu mashimo yametoa kidogo. Jioni huchoma dhahabu yake pale jikoni, ndiyo tunapata karo. Sitaki pesa yake ipotee bure. Niambie ukweli: nijiondoe mapema au niendelee? Mtihani ni Novemba.*

*Nyar Karachuonyo, Migori*

Nyar Karachuonyo, usijiondoe. Hilo nalitanguliza ili yaliyobaki uyasome ukiwa umetulia. Na chupa ya pili isinunuliwe. Ila kuna jambo moja ulilolipitia kwa nusu sentensi, karibu na mwisho wa barua, ambalo limenitia wasiwasi kuliko yote uliyouliza. Nitalifikia. Kwanza tumalizane na usiku ule wa karai.

Saa nane usiku ulizijua zile neva. Hukujidanganya. Ulichokuwa nacho ni ujuzi ambao ubongo ulikuwa bado haujaufanyia kazi yake, na kazi yenyewe hufanyika baada ya daftari kufungwa. Wewe ni mwanafunzi wa uuguzi, kwa hiyo sitakupa maneno ya juujuu. Nitakueleza jinsi inavyofanyika.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli mbili zinapokutana hazigusani. Katikati hubaki mwanya wa nanomita 20 hivi, na hapo ndipo panapoitwa sinapsi. Seli ya kwanza humwaga kemikali kwenye mwanya huo, na katika sinapsi nyingi za ubongo kemikali hiyo ni glutamati. Seli ya pili ina vipokezi juu ya utando wake. Glutamati ikishika kipokezi, tundu la kipokezi hufunguka, sodiamu huingia, na seli ya pili hupata mshtuko mdogo wa umeme. Vipokezi vinavyofanya kazi hii ya haraka huitwa vipokezi vya AMPA. Vikiwa vichache mbele ya mwanya, ujumbe hupita kwa shida. Vikiwa vingi, hupita bila taabu. Kwa kiasi kikubwa, tunapojifunza jambo, kinachobadilika ni hicho: vipokezi vingapi vimekaa wapi.

Sasa vinafikaje? Miaka mingi wataalamu walivichukulia kuwa vimekaa palepale vilipowekwa. Mwaka 2002, huko Bordeaux, Ufaransa, Daniel Choquet na mwenzake walibandika vishanga vidogo mno juu ya vipokezi vya AMPA kisha wakavitazama kwa darubini. Vilikuwa vinatembea. Vinateleza juu ya utando, vinasimama, vinaondoka tena. Wewe umekulia ukingoni mwa ziwa, kwa hiyo waza mitumbwi iliyoachwa bila kamba mbele ya Kendu Bay: inapita mbele ya gati, inasukumwa kando, mmoja unarudi, mwingine unakwenda zake. Utakaobaki gatini ni ule tu ambao mtu ameudaka na kuufunga. Kwenye sinapsi, wa kufunga kamba ni protini zilizojipanga chini ya utando, na hizo hazimfungi kila apitaye. Zinangoja amri.

Amri hutoka kwa kipokezi cha aina ya pili, NMDA. Tundu lake huwa limezibwa na chembe ya magnesiamu, na chembe hiyo haitoki kwa mshtuko mdogo. Sinapsi lazima itumike kwa nguvu, seli zote mbili zikiamka kwa wakati mmoja. Hapo magnesiamu hutoka, kalsiamu huingia, vimeng'enya huamshwa. Vipokezi vya AMPA vilivyokuwa akiba ndani ya seli husukumwa juu ya utando, na vile vinavyopita karibu hunaswa. Kwa mara ya kwanza sinapsi kupata nguvu namna hii na kukaa nayo kwa saa nyingi kulionekana Oslo, katika ubongo wa sungura. Terje Lømo alianza kuliona jambo hilo mwaka 1966, na mwaka 1973 yeye na Tim Bliss wakalichapisha kwa ukamilifu. Na kwamba kule kutembea kwa vipokezi si pambo tu kulithibitika mwaka 2017: kundi la Choquet na wenzao waliwafunga panya vipokezi vyao vya AMPA visiteleze, na panya hao wakashindwa kujifunza ipasavyo chumba walichopigiwa shoti.

Tatizo lako wewe liko hatua inayofuata. Vipokezi vilivyofika upesi vinaweza kuondoka upesi. Ili vikae, seli inatakiwa itengeneze protini mpya na sinapsi yenyewe ikue, na hiyo ni kazi ya saa kadhaa. Kisha kuna usingizi. Mwaka huohuo wa 2017, Graham Diering na Richard Huganir wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walilinganisha ubongo wa panya waliolala na walio macho. Ungetarajia kwamba usingizini vipokezi huongezeka. Hapana, vilipungua, kwa karibu asilimia 20. Mchana kutwa sinapsi hujipa nguvu kwa kila kitu, cha maana na cha upuuzi. Usiku ubongo hupunguza kwa jumla, na inaaminika kwamba zile zilizotumika kwa dhati husalimika zaidi, ndiyo maana asubuhi zinajitokeza. Panya waliopigwa shoti kisha wakazuiwa kwa dawa wasifanye upunguzaji huo walipowekwa katika sanduku geni, lisilo na shoti yoyote, waliogopa kupita kiasi. Walichanganya hatari na usalama.

Najua utasema hao ni panya. Kweli ni panya. Mtu aliye hai hatuwezi kumfunua fuvu tuhesabu vipokezi. Lakini niambie kama hukukumbana na mchanganyo huohuo asubuhi ile, neva ya nne ikigongana na ya sita kwa kuwa zote mbili hugeuza jicho. Karai la maji baridi lilikunyima ile saa ambayo ubongo ungezitenganisha. Mwenzako wa miaka 20 hakukushinda kwa ujana. Alikushinda kwa kulala saa nne.

Kuna la pili kuhusu usiku ule, na hapa wanafunzi wengi wazuri huumia. Ulisoma, ukasoma, ukasoma. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu kimoja huko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja tu, kisha mara tatu likafunika karatasi na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja meza ilipinduka: waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, waliojitahini asilimia 61. Na waliosoma mara nne ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba hawatasahau. Saa nane usiku wewe ulikuwa kwenye zile dakika 5.

Kwa hiyo daftari lililochanika liweke kando. Chukua karatasi tupu jioni, saa moja, usome neva tatu tu, ufunike, uandike. Utakwama. Kukwama huko ndiko kunakofanya kazi, ukivumilia kidogo kabla ya kuchungulia. Halafu mfanyie mwenzako uchunguzi kama mtakavyofanya wodini: afumbe macho umnusishe kahawa, hiyo ya kwanza, afuate kidole chako kwa macho bila kugeuza shingo, hapo umepata ya tatu, ya nne na ya sita, akaze taya, ya tano, akenue meno, ya saba, apandishe mabega nawe ukiyakandamiza, ya kumi na moja, atoe ulimi, ya kumi na mbili. Atacheka, ucheke naye. Saa nne taa izimwe. Kesho yake usirudie zilezile mara moja. Ongeza nyingine, na zile za kwanza uziulize keshokutwa, kisha baada ya siku nne au tano, zikiwa zimeanza kufifia. Jumatatu ukiwa ndani ya matatu, ukishapita Rongo, usifungue simu. Zitaje kimoyomoyo mpaka Rodi Kopany, na iliyokataa kuja ndiyo utakayoisoma ukifika Homa Bay. Chai ya rangi iishie alasiri.

Mama mkwe mheshimu, ila katika hili amekosea. Kujifunza hupungua kasi kadiri umri unavyokwenda, hilo sitakuficha. Utahitaji marudio zaidi ya yule msichana. Lakini vipokezi havijagoma. Jijini London, mtu anayetaka leseni ya teksi hujifunza kwa miaka kadhaa maelfu ya mitaa kwa kichwa. Katherine Woollett na Eleanor Maguire waliwapima wanafunzi hao wakiwa wanaanza na wakiwa wamemaliza, wakachapisha matokeo mwaka 2011: kwa waliofaulu, sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kile kiungo cha ubongo kinachoshughulikia kumbukumbu mpya, ilikuwa imeongezeka. Walioshindwa hawakuonyesha hivyo. Wote walikuwa watu wazima.

Malaria. Hofu yako haikutoka hewani, na watu wa kanda ya ziwa wana haki ya kuiuliza. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Chandy John na Michael Boivin pamoja na wenzao wa Uganda waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliougua malaria ya ubongo. Miaka 2 baadaye, karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu katika kufikiri, kumbukumbu au umakini. Kwa watoto wazima wa mitaa hiyohiyo ilikuwa chini ya 1 kati ya 10. Watafiti wa Kilifi nao wameandika mambo yanayokaribiana na hayo. Kwa hiyo inawezekana. Lakini isome hesabu hiyo upande wa pili pia: watoto 3 kati ya 4 hawakuwa na upungufu huo. Nawe ulimaliza shule na ukapata nafasi ya kusomea uuguzi. Zaidi ya hayo, homa ile ina miaka 34. Funguo unazipoteza *siku hizi*. Ugonjwa wa utotoni haungoji miaka 34 ndipo uanze kuficha funguo.

(Kadi ya kliniki ya huyo kitinda mimba hebu itazame. Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini mwetu mwezi Septemba 2019 huko Ndhiwa, kwenu Homa Bay, na Migori imo katika kaunti zilizoanza nayo. Ratiba iliyoanza nayo ilikuwa miezi 6, 7, 9 na 24. Dozi ya mwisho ndiyo kina mama wengi huisahau, maana mtoto anakuwa ameshaanza kukimbia.)

Vidonge vya stendi sina mengi ya kusema juu yake. Sijui ndani mna nini na yule kijana naye hajui. Kama ni majani ya ginkgo, ambayo huuzwa sana kwa jina la dawa ya kumbukumbu, utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wazee zaidi ya 3,000 ulitoa jibu mwaka 2008: hayakuwazuia kupata ugonjwa wa kusahau. Pesa hiyo ni afadhali mnunue chandarua kipya au taa ya sola ya kusomea.

Sasa lile la nusu sentensi.

Umesema mume wako huchoma dhahabu jikoni. Sikukosea kusoma, nilirudi mara mbili. Umesema pia mikono inatetemeka, unasahau vitu vidogo vya nyumbani, na usingizi unakukataa *wikendi*. Homa Bay siku za kazi unapambana nao kwa maji baridi usikuchukue. Ukifika nyumbani, penye kitanda chako mwenyewe, unautafuta huupati. Hayo manne yakiwa katika barua moja, mtu aliyewahi kusoma habari za zebaki hawezi kuyaacha yapite.

Unajua vizuri kuliko mimi inavyokwenda. Mchanga uliosagwa huoshwa, zebaki humwagwa ishike dhahabu, kisha hukamuliwa ndani ya kitambaa mpaka kibaki kidonge cha kijivu kinachong'aa. Kidonge kinawekwa kwenye kipande cha bati au kwenye sufuria kuukuu, juu ya makaa. Kinapoteza mng'ao wa fedha, kinakuwa cha manjano, na kila mtu anatazama manjano. Asichotazama mtu ni ile zebaki ilikokwenda. Imegeuka mvuke usio na rangi wala harufu, mmeuvuta, na uliobaki umeganda tena juu ya mabati, kwenye masizi ya ukuta, kwenye vyungu, kwenye udongo wa sakafu. Siku jiko linapowashwa kwa ajili ya ugali, mvuke hurudi tena kidogo kidogo, hata kama mwenye dhahabu yuko Osiri.

Mvuke huo ukiingia mapafuni hupita hadi kwenye damu, na kutoka kwenye damu hupenya mpaka ubongoni. Humo unagusana na haya niliyokueleza. Glutamati ikishafikisha ujumbe inatakiwa iondolewe haraka mwanyani, na seli zenye kazi hiyo, astrosaiti, hudhoofishwa na zebaki. Glutamati inajazana, vipokezi vinaendelea kuchokozwa, kalsiamu inaingia kupita kiasi, na seli huumia kwa kitu kilekile ambacho kwa kiasi chake ndicho kinachotufanya tujifunze. Dalili zinazotajwa vitabuni kwa mtu aliyevuta mvuke wa zebaki muda mrefu ni kutetemeka, hasa vidole, kukosa usingizi, hasira za ghafla, fizi kuuma na kusahau.

Sisemi una sumu ya zebaki. Barua haipimi mkojo. Chai nyingi hutetemesha, tezi ya shingo ikizidisha kazi hutetemesha na kunyima usingizi, upungufu wa damu husahaulisha, na mama wa watoto wanne anayesoma mbali na kwake ana sababu za kutosha za kukosa usingizi. Ndiyo maana nataka uende hospitali ya kaunti, na neno la kwanza ukikaa mbele ya daktari liwe zebaki. Usianze na funguo, maana ataandika msongo wa mawazo na kukupa ruhusa ya kwenda nyumbani. Mwambie dhahabu inachomwa wapi, mara ngapi, tangu lini. Omba mkojo upimwe zebaki, na ikibidi sampuli ipelekwe maabara kubwa zaidi. Damu ipimwe wingi wake, na tezi pia. Na kama kuna uwezekano wowote kwamba una mimba, useme kabla ya yote, kwa kuwa mvuke huo humfikia mtoto tumboni.

Habari njema ni kwamba zebaki iliyoingia kwa njia hiyo mwili huitoa, nusu yake kwa muda wa miezi 2 hivi, mradi isiongezwe nyingine. Wengi hupata nafuu wakiacha kuivuta, ingawa aliyeivuta miaka mingi huenda asirudi alivyokuwa. Kati ya leo na Novemba, hakuna kidonge wala daftari litakalokifaa kichwa chako kama kuhamisha ule moto.

Na hapo tunamfikia mzee wako. Usimkabili mbele ya ndugu zake, wala usianze kwa lawama. Mtu anayekaa shimoni ili mkewe asome hastahili kuambiwa mbele ya watu kwamba anaua nyumba yake. Anza na mikono yako. Mwonyeshe inavyotetemeka. Kisha mwulize kama yake haitetemeki, maana yeye ndiye anayeinama juu ya makaa. Mwambie pia neno la biashara: kuna chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji, na kidonge kikichomwa humo mvuke hurudi kuwa zebaki ya maji mwisho wa bomba, akaitumia tena badala ya kununua nyingine. Wachimbaji wakichanga, kimoja kinatosha shimo zima, na kikae mbali na makazi. Kama atataka kujua sheria, Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata mwaka 2013, na kuchoma dhahabu yenye zebaki majumbani, pamoja na kuichoma wazi popote pale, ni mambo ambayo mkataba huo unataka yakomeshwe. Lakini ningekuwa wewe sheria ningeitaja mwisho kabisa, au nisiitaje.

Jikoni kwenyewe, ile sufuria isipikiwe tena wala isipewe jirani. Usifagie sakafu ikiwa kavu. Chembe za zebaki hutawanyika na kugeuka mvuke upesi zaidi. Kwa sasa pikeni nje, na mumwite afisa wa afya ya umma wa wadi aone udongo na masizi vitaondolewaje na kupelekwa wapi. Nguo anazochomea dhahabu zioshwe peke yake.

Yule wa miaka mitatu yuko nyumbani wiki nzima, wakati wewe uko Homa Bay. Mvuke wa zebaki ni mzito kuliko hewa, hukaa chini, na yeye anacheza chini. Kwa uzito wake anavuta hewa nyingi kukushinda wewe. Hukuniambia kama analala karibu na jiko. Kama analala huko, ahamishwe usiku wa leo, kabla hujazungumza na mtu yeyote. Na siku ya kwenda hospitali usiende peke yako, nenda naye, naye apimwe mkojo siku hiyohiyo.